Kabla hamjafagia stoo

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku wazima. Hongera kwa kupata stoo ya mchele hapo Tandale. Ila uliponiambia imejaa panya na Jumamosi mnaingia kufagia mavi yao, nilishtuka.

Nakuomba, msifagie pakavu. Mkojo na mavi ya panya yakikauka, vumbi lake likitimka mnalivuta puani. Kuna kirusi cha jamii ya hanta kinachoitwa Seoul, hukaa ndani ya panya wakubwa wa mijini na wao hakiwadhuru. Mtu akikivuta anaweza kushikwa na homa kali, mgongo ukamuuma, hata figo zikagoma. Panya hao husafiri melini, ndiyo maana kirusi kimesambaa duniani. Nasi ni mji wa bandari, Mwajuma.

Huko New York wanasayansi walipima panya 133, na mwaka 2014 wakatangaza virusi 18 vilivyokuwa havijulikani kabisa, mbali na huyo Seoul. Si kwamba vyote 18 huwaletea watu ugonjwa. Kinachonitisha ni kwamba mji wenye maabara kila kona uliishi navyo bila habari, na sisi huku homa yoyote tunaiita malaria.

Unakumbuka Ruangwa, Lindi, mwaka 2022? Watu walitokwa damu puani, 20 wakaugua na 3 wakafa, kumbe ni homa ya mgunda. Ile ni bakteria, si kirusi, na antibayotiki huitibu ikiwahiwa. Lakini nayo hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, ikaingilia kwenye michubuko. Masika, Msimbazi ukifurika, watoto wasicheze kwenye yale maji.

Basi Jumamosi fungueni milango kwanza, hewa ipite kama nusu saa. Vaeni glavu na barakoa. Changanya kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya maji, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, na vikombe tisa vya maji, mwagia mavi yote yalowe, subirini kidogo, kisha futeni kwa tambara na mlitupe. Panya aliyenasa asishikwe kwa mkono mtupu. Magunia yakae juu ya chaga, na matundu yazibwe kwa saruji.

Anayeniumiza roho zaidi ni yule kijana wako wa kubeba magunia, anayelala humo humo. Wewe unaingia na kutoka, yeye anapumua lile vumbi usiku kucha. Mtafutie pengine pa kulala, hata barazani kwako. Na akipata homa, mpelekeni hospitali mapema, mumwambie daktari kabisa kwamba anafanya kazi penye panya, kwa sababu asipoambiwa hatauliza.

Glavu na barakoa nitakuja nazo mwenyewe Ijumaa jioni, usinunue.

Wako,
Zuhura