Mgonjwa asigombezwe kwa kusoma mtandaoni

Ndugu Mhariri,

Kuna wahudumu wa afya wanaokasirika mgonjwa akitoa simu na kuonyesha alichosoma. Hasira hiyo haimzuii kusoma; safari ijayo atasoma na kunyamaza. Sisi wa dirisha la dawa tunajua kwamba mara nyingi alichosoma ni sahihi, ila kiliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine, chupa nyingine au mashine nyingine.

Tuanze na sukari. Mashine za kupima sukari ya damu za kwetu Uganda kwa kawaida husoma kwa mmol/L (milimoli kwa lita), kurasa za Marekani huandika mg/dL (miligramu kwa desilita). Mwenye kisukari anapima asubuhi kabla ya kula, anapata 9.2. Anafungua simu, anasoma kwamba chini ya 70 sukari imeshuka na anywe soda upesi. Anakunywa. Kumbe 9.2 ukiizidisha kwa 18 ni karibu 166, yaani imepanda: kwa aliyefunga, kiwango cha kisukari huanzia 7.0, ambacho kwa Wamarekani ni 126. Tazama herufi zilizo kando ya namba kwenye kioo cha mashine kabla ya kulinganisha na ukurasa wowote.

Kwa watoto, kinachotutia hofu ni paracetamol (ndiyo hiyo hiyo Wamarekani wanayoiita acetaminophen, usimpe mtoto zote mbili). Ukurasa unasema "mpe mililita 5". Za dawa ipi? Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Kama sirapu ina miligramu 120 katika mililita 5, mililita 5 zinamtosha. Kama ni matone yenye miligramu 100 katika kila mililita 1, mililita 5 hizo hizo ni miligramu 500, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu, na kinachoumia ni ini. Kwa hiyo mpime mtoto uzito, soma lebo, ndipo upige hesabu. Pima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, maana vijiko vya jikoni havilingani. Rudia baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku.

ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji kwa anayeharisha, nayo ina mtego wake. Pakiti zilizozoeleka hapa ni za lita 1 ya maji. Kurasa za Uingereza husema mililita 200 kwa sababu pakiti za huko ni ndogo. Pakiti ya lita ukiikoroga katika mililita 200, mtoto anayeharisha anakunywa chumvi mara tano ya inayotakiwa.

Halafu malaria. Mtu anamaliza vidonge 24 vya dawa ya malaria, Coartem, kwa siku 3, anapima tena wiki ijayo kwa kipimo cha haraka, bado kinaonyesha malaria. Mtandao unamwambia dawa imegoma, ananunua dozi nyingine. Vipimo vingi vya aina hiyo hutafuta protini ya vimelea, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ikiwa homa imerudi, aombe damu itazamwe kwa darubini.

Lawama nyingine ni yetu wataalamu na Wizara ya Afya. Mwongozo wa tiba wa Uganda upo mtandaoni, lakini ni faili kubwa la Kiingereza linalomeza bando. Anayetafuta kwa Kiswahili anaangukia kurasa za Tanzania na Kenya, zenye namba za bure za huko ambazo hapa hazimsaidii. Ya Wizara yetu ni 0800 100 066. Baraza la Mawaziri lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Basi Wizara iweke ukurasa mwepesi wa Kiswahili, usio na picha nzito, wenye jedwali la dozi kwa uzito na tarehe ya marekebisho ya mwisho.

Nawe Mhariri, usingoje Wizara. Kila safu yako ya afya inapotaja sukari, chapisha mmol/L na mg/dL pamoja, na kila inapotaja sirapu, taja miligramu kabla ya mililita.

Wafamasia na wauguzi,
Arua