Swali la muuza mitumba si la kunyamazishwa

Mhariri,

Kundi letu la kusoma hapa Frere Town limekaribia kuvunjika kwa sababu ya noti ya yuro 20. Mwenzetu anayeuza mitumba Kongowea alifungua robota, akaikuta imekunjwa mara nne katika mfuko mdogo wa suruali, na kwa kuwa tulikuwa tukisoma sura ya pili ya Waraka kwa Warumi, akatuuliza: mwenyewe yuko ng'ambo na hajulikani, aliyeniona hayupo, basi ni nini kinachonisuta? Kiongozi wa zamu akamjibu kwamba amri ya nane imekwisha kukataza wizi (Wakatoliki watamwambia ni ya saba), akafunga mjadala.

Naona alikosea kudhani kwamba anayeuliza anaitilia shaka amri. Katika sura hiyo hiyo Paulo anawataja watu wa mataifa wasiokuwa na torati, ambao hata hivyo huyatenda yaliyomo, dhamiri zao zikiwashuhudia na mawazo yao yakiwashitaki au kuwatetea. Mwanateolojia Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha vilevile kwamba akili ya binadamu hutambua yenyewe ya kuwa jema ni la kutendwa na ovu ni la kuepukwa. Mwenzetu, basi, aliuliza lile lile ambalo Kanisa limelijadili karne nyingi.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa kijana mmoja ambaye hakuachiwa hata alimalize: kwamba dhamiri ni malezi tu. Sisi tunaokutana hatua chache kutoka Kengeleni, palipopata jina kwa kengele ya makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa mwaka 1875, hatuwezi kulipuuza. Wapo Wakristo waliousoma Waraka kwa Filemoni, unaomsihi bwana ampokee mtumwa wake Onesimo kama ndugu mpendwa, na bado wakamiliki watu wasisutwe. Mimi naamini dhamiri zao zilishika kutu, lakini kijana yule ana haki ya kuniuliza nimejuaje kwamba yangu haijashika, nami sina budi kumjibu kwa hoja.

Noti ingali ndani ya Biblia ya mwenzetu, na tunakutana tena Jumamosi. Namwomba kiongozi wa zamu, ambaye najua hulisoma gazeti hili, atuache tulimalize swali.

Msomaji wako,
Frere Town, Mombasa