Feni ya Chaja Haizunguki? Soma Hapa Kabla ya Kudai Pesa Zako

Lalamiko linaloongoza mwaka huu kwenye benchi letu la kutengeneza chaja za betri za droni na magari ya rimoti, hapa Katwe, Kampala, ni hili: "Nimelipia feni mpya, nimefika nyumbani nimechomeka chaja, feni haizunguki. Mmekula pesa yangu." Wengine wanapiga simu kwa upole. Wengine wanatuma ujumbe wa sauti ambao huwezi kuusikiliza mbele ya mama mkwe. Juzi kijana mmoja alirudi na chaja yake, akaiweka mezani wateja wengine wakitazama, akaiwasha, akakunja mikono. Feni kimya. "Si mnaona?"

Tuliona. Tukamwomba betri, akatoa ya seli tatu, miliampia-saa 5,000. Tukaichomeka, tukaweka ampia 4, tukaendelea na kazi zetu. Baada ya dakika chache feni ikaanza kwa mlio mdogo, halafu ikachangamka. Yule ssebo (bwana) akakunjua mikono, akauliza chai inauzwa wapi hapa karibu.

Chaja nyingi za betri za lipo (lithiamu-polima), hizi za ndege za kuchezea, droni na magari ya rimoti, hazikuunganisha feni na swichi. Zina kihisi joto, kidude kidogo kama punje ya mchele, kilichobandikwa kwenye bamba la alumini au karibu na transista zinazobadilisha volti. Bamba likiwa baridi, feni haina kazi. Likipata joto inawashwa, na kwenye chaja bora kasi yake inapanda na kushuka kufuata joto lenyewe. Zipo zinazoizungusha sekunde moja au mbili mwanzoni, kujijaribu tu, kisha zinanyamaza. Zipo pia za bei ya chini ambazo feni inazunguka muda wote wa kuchaji, joto liwepo lisiwepo. Kabla hujasema feni imekufa, jua kwanza chaja yako ni ya kundi gani.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya seli tatu ya miliampia-saa 2,200 ukiichaji kwa ampia 2.2 inafika karibu wati 28. Tuseme chaja inapitisha asilimia 85 ya umeme inaoupokea: zilizobaki, kama wati 5, zinageuka joto ndani ya kasha. Kasha la alumini linaweza kulitoa joto hilo lenyewe. Ukipandisha hadi wati 50, joto linakaribia wati 9, na hapo feni utaisikia. Ndiyo maana mwenye betri ndogo anasema feni mbovu na mwenye betri kubwa, chaja ileile, anasema feni ina fujo.

Halafu kuna mwisho wa kuchaji. Seli ikifika volti 4.2 chaja inazishikilia volti hapo na kuanza kupunguza ampia. Ampia zikishuka, joto linashuka, feni inapumzika wakati betri bado inamaliziwa. Huo si ugonjwa.

Wanaotupigia simu usiku ni wale wanaoshusha betri. Lipo haiwekwi kabatini ikiwa imejaa, inashushwa hadi karibu volti 3.8 kwa kila seli. Sawa kabisa. Lakini kwenye chaja ndogo umeme unaotolewa hauna pa kwenda, unachomwa kuwa joto humohumo ndani, na kwa sababu hiyo chaja nyingi za wati 50 zimewekewa kikomo cha wati 5 tu za kushusha. Sasa mtu ana betri ya seli sita ya 5,000, yaani wati-saa 111, anataka kuitoa karibu nusu. Gawanya mwenyewe: zaidi ya saa kumi. Feni itazunguka mpaka adhana ya alfajiri, na mama watoto atauliza ni mashine gani ya kusaga umeileta chumbani. Dawa ni kutoijaza betri usiyokuwa na uhakika wa kuirusha kesho.

Kelele hiyo ndiyo inayozaa njia ya mkato tunayoichukia kuliko zote: kukata waya wa feni.

Mpiga video mmoja wa sherehe za kwanjula, zile za kumtambulisha mchumba kwa wazazi, anayerusha droni ndogo ya kukimbia kati ya mahema, feni yake ilianza kukwaruza. Fundi wa jirani akamtoza shilingi elfu tano za Uganda, akakata waya mwekundu, akauzungushia selotepu. Kazi imekwisha, kimya kama unavyotaka. Alipotuletea chaja, ile lebo ya chini ilikuwa imegeuka kahawia, na soketi ya waya wa kusawazisha seli ilikuwa imelainika hadi plagi haitoki bila koleo. Ndani, transista moja imepasuka, nyingine imeungana miguu. Betri aliyokuwa anachaji siku hiyo imevimba. Matengenezo yalimgharimu laki moja na themanini, betri hakuna wa kuirudisha, na Jumamosi ile kulikuwa na kwanjula Masaka. Kelele yenyewe ilikuwa bushi, yaani kibomba ambamo mhimili wa feni unazunguka, iliyokauka mafuta. Feni ya elfu thelathini na tano ingeimaliza.

Watu wanatuambia, "Lakini chaja ina ulinzi, ikipata joto inajizima." Zenye ulinzi zinajizima, ndiyo, na skrini inaandika kwamba joto la ndani limezidi. Mwenye chaja anafanya nini? Anaipuliza kwa mdomo, anasubiri kidogo, anaiwasha tena. Kila mzunguko wa namna hiyo unapika kapasita za elektroliti; mafundi tunahesabu kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka zinakata nusu ya umri wake. Na transista zikiungua mara nyingi zinaungana badala ya kukatika, maana yake umeme wa kuingilia unaweza kupita moja kwa moja hadi kwenye betri. Lipo iliyozidishiwa umeme inaweza kuwaka moto, na moto huo hauombi ruhusa. Kwa hiyo tukikukuta na waya uliokatwa, usituone wakali.

Kuielekezea feni kubwa ya chumbani pia haisaidii kivile. Upepo unapita juu ya kasha, joto liko chini ya bodi. Na ukiiweka juu ya godoro umeziba matundu ya chini. Iweke kwenye kigae au sakafu ya saruji, mbali na pazia.

Usafishaji nao una vituko vyake. Mteja wa Entebbe alileta chaja ambayo feni ilikuwa haiwezi kusogea hata kwa kidole. Tulipoifungua tulikuta wale wadudu wa ziwani, wanaojaa kwenye taa usiku hadi ukuta unakuwa mweusi, wamekaukiana kwenye panga za feni na kuwa gundi ya kijivu yenye mbawa. Tuliwatoa kwa brashi ya meno na spiriti, taratibu, panga baada ya panga. Yeye alikuwa ameshaipitisha kwenye kompresa ya wajaza upepo wa boda. Usifanye hivyo. Upepo ule unazungusha panga kwa kasi ambayo beringi hazikuumbiwa, mota inageuka jenereta na kusukuma volti kurudi kwenye bodi, na kompresa nyingi za barabarani zinatema maji. Kama ni lazima upulize, zuia panga kwa kijiti. Wanaoishi kando ya barabara za vumbi jekundu wafungue chaja kila baada ya miezi michache. Vumbi hilo likikutana na unyevu linashika mno.

Na ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu: wiki moja ya utulivu, kisha kelele mara mbili, kwa sababu imeosha mafuta yaliyokuwepo. Feni ya bushi inataka tone moja la mafuta ya cherehani chini ya stika. Ya beringi ikianza kulia haitiwi chochote, inabadilishwa.

Kubadilisha nako kuna watu wanaona ni kufungua skrubu nne tu. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi, kijana mwerevu kweli, alichoka na feni inayojiamulia, akaiunganisha moja kwa moja na umeme wa kuingilia ili izunguke saa zote. Kwa adapta ya volti 12 ilifanya kazi vizuri. Akaazima ya volti 24, kwa sababu chaja inaikubali. Feni ya volti 12 haikuikubali. Moshi wake ulikuwa mfupi. Mwingine alifunga feni kichwa chini, badala ya kuvuta joto kulitoa nje ikawa inagombana na upepo wa matundu. Nyingi zina mshale ubavuni unaoonyesha upepo unaelekea wapi, angalia kabla hujaivua ya zamani.

Sasa bei. "Mbona elfu thelathini na tano, wakati feni mjini ni elfu kumi?" Ya elfu kumi ni ya bushi, na hiyo tunayo ukiitaka, ila hatuitolei dhamana. Tunayofunga ina beringi mbili, na volti zake tumezipima, hatukusoma lebo tu. Tunafuta grisi ya joto iliyokauka na kupaka mpya. Tunashika kihisi kwa kidole gumba na kutazama mita: vingi vinasoma karibu kilo-omu 10 vikiwa baridi, na namba lazima ishuke kidole kinapokipa joto. Isiposhuka, feni mpya ingekuwa bure, maana hakuna wa kuiamrisha. Kisha chaja inakaa saa nzima ikichaji kwa nguvu zake zote, na mmoja wetu haondoki mezani. Saa hiyo ndiyo mnayoilipia, na hatuipunguzi hata kwa ndugu.

Ukija dukani, njoo na adapta unayotumia na betri moja uliyoizoea, tuijaribu ukiona kwa macho yako kabla hujatoa pesa. Wanaotuma kwa basi kutoka Busia, Arua au Bunia, tafadhali msiweke betri ndani ya kifurushi. Tumeni chaja na adapta tu, betri za kupimia tunazo. Feni ya beringi ina dhamana ya miezi mitatu, na stika yetu iko kwenye skrubu moja. Stika ikichanika au waya ukikutwa umekatwa, dhamana imeisha, hata kama aliyekata ni shemeji.