Sinema bubu haikuwa bubu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba sinema bubu, yaani filamu za zamani zisizo na sauti, ni mali ya makumbusho, na kwamba filamu za roketi na roboti zilianza na Star Wars mwaka 1977. Kwa heshima zote, amekosea kwa zaidi ya miaka 70.

Mwaka 1902 Mfaransa Georges Méliès, mwanamazingaombwe aliyekuwa na ukumbi wake jijini Paris, alitengeneza filamu ya safari ya mwezini yenye urefu wa takriban robo saa, ambamo wataalamu wanaingia ndani ya risasi kubwa, wanafyatuliwa kwa mzinga, na risasi hiyo inamchoma Mwezi jichoni. Viumbe wa huko wakipigwa mwavuli wanageuka moshi. Siri yake ni kwamba kamera ilisimamishwa, mwigizaji akaondolewa, kisha upigaji picha ukaendelea. Na mchawi anayetoweka ghafla katika filamu zetu za Bongo hutoweka kwa mbinu hiyo hiyo.

Hivi karibuni mwenye kibanda umiza kimoja, yaani kibanda cha kuonyeshea filamu na mpira, hapa Kirumba, si mbali na mwalo wa samaki, aliniruhusu niionyeshe filamu hiyo kabla ya mechi ya jioni. Mabenchi yalikuwa yamejaa, wengine wakiwa bado na magamba ya samaki mikononi. Dakika ya kwanza walinung'unika kwamba sauti imekatika, mpaka kijana anayetafsiri filamu za Kihindi na Kichina pale aliposhika kipaza sauti bila kuombwa. Risasi ilipotua jichoni, akaupa Mwezi maneno: "Jamani, si nilikuwa nimelala!" Theluji ilipowaangukia wale wasafiri usingizini, mchuuzi mmoja wa dagaa akasema hao ni sawa na wavuvi waliokwenda visiwani wakasahau turubai, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Ndiyo maana silipendi neno "bubu". Huko Japani, enzi za filamu hizo, alikuwapo msimulizi aitwaye benshi, aliyesimama kando ya pazia akieleza kisa na kuwasemea waigizaji wote, na wako watazamaji waliolipa kiingilio kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya filamu yenyewe. Ufaransa nako walikuwapo wasimulizi. Kijana wetu wa Kirumba anafanya kazi ile ile, ingawa hajawahi kusikia habari zao.

Kuhusu roboti, mwenzangu aitazame Metropolis ya Mjerumani Fritz Lang, iliyotoka mwaka 1927, kisha aliweke lile roboti la kike la chuma kando ya C-3PO, roboti wa hiyo Star Wars anayoisifia. Waliomchora C-3PO walianzia hapo. Filamu hiyo ilikatwakatwa mara baada ya kuzinduliwa, na sehemu kubwa iliyopotea haikuonekana hadi mwaka 2008, ilipopatikana nakala chakavu jijini Buenos Aires. Lang huyo huyo, katika filamu ya mwaka 1929 kuhusu safari ya mwezini, aliweka hesabu ya kurudi nyuma kabla ya roketi kuruka, na kwa kuwa hapakuwa na sauti, sekunde zilizosalia ziliandikwa kwenye pazia.

Nisiwafiche wenye vibanda jambo moja: Méliès aliibiwa. Kampuni za Marekani, ikiwamo ya Thomas Edison, zilinakili filamu yake na kuiuza bila kumlipa, na baadaye maishani akawa anauza vitu vya watoto kwenye kituo cha treni cha Montparnasse. Leo hakimiliki ya filamu ile imekwisha, kwa hiyo yeyote anaweza kuionyesha bila kumdhulumu mtu, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu nyingi zinazoonyeshwa vibandani kila usiku.

Naomba ukurasa wako wa burudani uzipe filamu hizi nafasi japo mara moja kwa mwezi. Mimi nimeshaahidi kupeleka Metropolis Kirumba. Urefu wake unakaribia saa mbili na nusu, na kijana wa kipaza sauti ameniambia kwamba safari hii hatafungua mdomo kabla ya kulipwa.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza