Mitende ya ndani isihamishwe chungu wakati wa baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mitende ya mapambo inayokufa kwenye kumbi za ofisi, mapokezi ya nyumba za wageni na sebule zetu huku Nyanda za Juu Kusini. Mtu anaununua mwezi wa saba, anaukuta umo kwenye kiriba cheusi, na siku hiyo hiyo anauhamishia kwenye chungu kikubwa cha saruji ili upendeze. Ikifika Septemba majani yamegeuka njano, lawama zote anabebeshwa muuzaji.

Tatizo la kwanza ni majira. Mwongozo unaomfaa mtu wa Dar es Salaam haumfai mtu wa Mbeya, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Areka, huu wenye mashina mengi membamba ya rangi ya manjano, asili yake ni Madagaska. Joto likiwa chini ya nyuzi 15 mizizi yake karibu inasimama kukua. Ukiivuruga wakati huo, vidonda havifungi, maji hayanyonywi, udongo unabaki tope na uozo unaingia. Subirini mwishoni mwa Septemba hadi Novemba, joto likipanda na mvua zikikaribia. Walio Makete, Njombe na Mufindi ningewashauri waachane na areka kabisa, wanunue kentia au ule mtende mfupi wa sebuleni wenye asili ya misitu ya Meksiko na Guatemala. Hiyo miwili huvumilia baridi zaidi.

Tena si kila mtende unahitaji kuhamishwa. Miaka miwili au mitatu kwenye chungu kimoja ni kawaida, kwa sababu mitende hupenda kubanwa kidogo. Angalieni chini: mizizi ikiwa imechomoza kwenye matundu, au maji yakimwagwa juu yanapita moja kwa moja bila udongo kulowa, au chungu cha plastiki kimevimba ubavuni, hapo wakati umefika. Majani mawili ya chini kuwa njano peke yake si dalili ya chungu kujaa.

Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 tu za upana. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji wiki nzima, na katika baridi yetu hukaa hata mbili. Kutoka chungu cha sentimita 25 kwenda cha 30, udongo mpya unaohitajika haufiki nusu debe. Kikiwa cha saruji na ni kipya, kijazeni maji, yamwageni, myabadilishe kwa wiki moja hivi, maana chokaa yake huzuia mmea kupata madini ya chuma na majani machanga hutoka yamepauka. Matundu ya chini yawe matatu au zaidi. Kokoto za chini hazisaidii kitu: maji hayateremki kwa wepesi kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe, hutuama juu yake, na mizizi inakaa humo.

Udongo mwekundu wa Iringa peke yake hugeuka tofali. Changanyeni sehemu mbili za mboji iliyooza vizuri, sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni, na sehemu moja ya yale mawe mepesi ya volkano yanayopatikana upande wa Rungwe, yaliyopondwa yalingane na punje za mahindi. Wasioyapata watumie maganda ya mpunga yaliyochomwa nusu. Mbarali na Kyela yako tele. Maranda mabichi ya mbao za Mafinga msiyatie, kwani yakioza hunyang'anya mmea naitrojeni. Kipimo ni hiki: udongo ukiwa na unyevu, ukamate kiganjani na uubane. Ukifunua kiganja ushikane, ukiguswa kwa kidole umeguke.

Mwagilieni siku moja kabla. Mtende mkubwa uhamishwe na watu wawili, mmoja ashike mashina yote kwa pamoja, mwingine avute chungu. Kiriba kichanwe kwa kisu, kisivutwe. Mizizi myeusi inayonuka na kuteleza ikatwe. Myeupe na migumu iachwe, kwa kuwa mizizi mingi ya mitende ikikatwa hufa, na mipya lazima ianzie upya kwenye kitako cha shina. Msikung'ute udongo wote, legezeni kwa vidole ule wa nje tu. Areka msiitenganishe mashina kwa tamaa ya kupata miche mitatu. Pandeni kwa kina kile kile cha zamani, maana shina likifukiwa huoza. Shindilieni pembeni kwa kijiti, mkiacha sentimita 3 chini ya ukingo, kisha mwagilieni mpaka maji yatoke chini. Maji yaliyojaa kwenye sahani ya chini ya chungu yamwagwe baada ya nusu saa.

Wiki tatu za mwanzo ukae penye mwanga bila jua kali, mbali na jiko la mkaa, ambalo hukausha hewa na kubabua ncha za majani. Maji yarudiwe pale sentimita 4 za juu zikikauka. Chomekeni kidole, msitegemee ratiba. Jani moja au mawili yatakauka, msiyakate yakiwa bado ya njano, kwa sababu mmea huvuna potasiamu humo na kuipeleka kwenye majani mapya. Mbolea ya dukani ingoje wiki sita hadi nane, na yurea msiitumie kabisa chunguni.

Kwa wenzangu wauzaji, ombi ni moja: funga kila mtende kijibao chenye aina yake na mwezi ulipotiwa kwenye kiriba, ili mnunuzi ajue kama ana sababu ya kuugusa.

Mwotesha miche,
Uyole, Mbeya