Somoe, nisaidie na haya maganda

Mtwara

Somoe mwenzangu,

Salaam nyingi. Habari za Lindi? Mama mdogo goti limepoa? Sisi wazima, ila msimu wa korosho umetukalia kooni.

Nakuandikia kwa ajili ya maganda ya korosho. Rundo pale kiwandani limefika dirishani, juzi wamelichoma tena. Moshi wake unaujua, unawasha macho na koo. Majirani wamekuja juu. Mafuta yaliyomo ndiyo hayohayo yanayobabua mikono ya wabanguaji mpaka wanajipaka majivu. Na ni mali! Karibu robo ya uzito wa ganda ni mafuta, yanaingia kwenye breki za magari na kwenye rangi. Makapi yakishakamuliwa yanawaka vizuri tanurini.

Bosi anataka tukamue wenyewe, kimyakimya, asije akaibiwa wazo. Somoe, sisi tunajua korosho. Kemia ya mafuta tumeijulia wapi? Ingekuwa kukaanga korosho kwa ladha mpya, tungejifungia ndani tukafanya. Taka inakutoa nje ya ufundi wako: anatakiwa mtu wa maabara, fundi wa mashine, mnunuzi wa mafuta, mwenye tanuri wa kuchukua makapi. Mmoja akikosekana, rundo linabaki palepale. Na gharama za kujaribu abebe bosi peke yake, wakati hewa safi itavutwa na mtaa mzima?

Kule Kalundborg, Denmark, viwanda vinapeana mabaki tangu miaka ya 1970. Jasi iliyopatikana kwa kusafisha moshi wa mtambo wa umeme ilikwenda kiwanda cha jirani kinachotengeneza mbao za jasi za kuta na dari. Wenye umeme hawakulazimika kujifunza kazi ya dari.

Wizi unazuiwa kwa mkataba. Wateja na bei zake abaki nazo, lakini hilo rundo kila mpita njia analiona! Inaniuma, maana wale akina mama wanaokohoa pale nimekua nao.

Shemeji bado yuko SIDO, kule kwenye shirika la viwanda vidogo? Anaweza kuja aongee na bosi? Mimi ananiona mtoto, shemeji atamsikiliza. Naliendele, kwenye utafiti wa korosho, una mtu unayemfahamu? Na yule fundi wa Mikindani, anaweza kutuundia mashine? Asijaribu ile yake ya kukamulia ufuta, hiyo ni ya chakula. Halafu wewe unakuja lini?

Nijibu mapema, bosi anakaribia kuagiza mitambo.

Wako,
Zuhura