Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2019

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mafundi wa ndege,

Shughuli za kawaida mnazijua, nazipitia haraka. Mafunzo ya kuzuia kutu yalifanyika, vifaa vya kupimia vilikaguliwa, rambirambi zilipelekwa panapohusika, na hesabu atazisoma mweka hazina. Mkutano wa Juni ulikufa kwa sababu walikuja watu 11 na akidi ni 30. Wa Septemba walikuja 31, wawili wakaaga kabla ya kura, akidi ikavunjika. Kati ya wanachama 86, waliolipa ada ya mwaka mzima ni 34. Ukilinganisha orodha hiyo na majina yanayovuma kwenye kundi la WhatsApp, utacheka.

Sasa lile lililotugawa: barua ya kamati ya usiku wa tarehe 10 Machi, niliyoiandika mwenyewe, iliyowataka wanachama wasitie sahihi ya kuiruhusu kuruka Boeing 737 MAX yoyote inayopita kituoni, baada ya ajali mbili za aina hiyo. Mmelalamika kwamba hatukuitisha mkutano, kwamba tuliitangulia Marekani iliyoidhinisha ndege hiyo, na kwamba kuna watu walipoteza posho.

Mkutano wa dharura, kwa katiba mliyoipitisha wenyewe, unataka notisi ya siku 21. Ndege ya kupita haikai kituoni hata saa mbili.

Kuhusu kutangulia: Lion Air 610 ya Indonesia ilianguka tarehe 29 Oktoba 2018, wakafa watu 189. Ethiopian 302 ilianguka karibu na Bishoftu, Ethiopia, tarehe 10 Machi 2019, dakika 6 tu baada ya kuruka, wakafa 157. Ni aina moja, mpya, miezi mitano haijaisha, na zote mbili zilianza kuyumba mara tu zilipoacha ardhi. China ilizizuia tarehe 11, Ulaya tarehe 12, Marekani tarehe 13. Kwa hiyo ugomvi wote huu ni wa siku tatu.

Waliosema tungoje uchunguzi wakumbuke Comet, ndege ya abiria ya jeti ya Uingereza. Januari 1954 moja ilisambaratika hewani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Zilizobaki zikasimamishwa, zikarekebishwa kwa kukisia, zikarudi angani tarehe 23 Machi. Tarehe 8 Aprili nyingine ikatumbukia baharini karibu na Naples. Chanzo, yaani uchovu wa chuma, kilithibitika baadaye, baada ya ganda zima kuzamishwa kwenye tangi la maji huko Farnborough na kupandishwa na kushushwa shinikizo mpaka likapasuka.

Mwenzetu mmoja aliuliza: sahihi yangu inahusu kazi niliyofanya, ubunifu wa kiwanda unanihusu nini? Hilo ndilo swali pekee la maana nililolipata mwaka mzima. MCAS, mfumo wa kompyuta unaoishusha pua wenyewe, ilisoma sensa (kihisi) moja tu ya pembe ya bawa dhidi ya hewa, ingawa ndege inazo mbili. Sensa ilipodanganya, bawa la mkia lilisogezwa hadi nyuzi 2.5 kwa mpigo mmoja na pua ikashuka. Rubani alipoirudisha kwa swichi ya usukani, mfumo ulitulia sekunde 5 kisha ukaanza upya. Onyo la sensa mbili kupishana halikufanya kazi kwenye ndege ambazo mnunuzi hakulipia kionyeshi cha ziada cha pembe. Sasa wewe umesimama chini ya pua na tochi. Unakishika kile kibawa kidogo cha sensa kwa vidole viwili, unakizungusha, kinakwenda laini, hakigusi popote. Ndani kinaweza kuwa kimepishana na pembe halisi kwa nyuzi 21 na vidole vyako havitajua.

Nyuzi 21 si mfano wa kubuni. Sensa iliyofungwa kwenye ndege ya Lion Air siku moja kabla ya ajali ilikuwa imepishana hivyo hivyo, na ripoti ya Indonesia ya Oktoba inasema jaribio la baada ya kufunga lilitakiwa kuibaini. Katika safari ya usiku ule, marubani waliponea kwa kuzima swichi za umeme wa trimu, yaani unaosogeza bawa la mkia, lakini kwenye kitabu cha ufundi hawakuziandika, wala onyo la usukani kutikisika. Fundi wa Jakarta akashughulikia alichokisoma: mirija ya hewa na plagi. Asubuhi ndege ikaondoka na sensa ile ile.

Na wale wa “marubani wangezima swichi tu”: wa Ethiopia walizizima. Ripoti ya awali ya Aprili inaonyesha gurudumu la trimu halikuzungushika kwa mkono, kwa kuwa kwenye kasi ile hewa inaulemea mkia kuliko nguvu za mikono. Wakarudisha umeme, MCAS ikarudi nao.

Kosa moja nalikubali. Barua ilikwenda kwa simu tu, zamu ya usiku haikuipata, na waliotia sahihi tarehe 11 wakaitwa majina mabaya bila haki. Ila namba za simu zilizobadilishwa bila katibu kuarifiwa sitabebeshwa mimi.

Hadi nilipoandika haya, Desemba 2019, ndege hizo, 387 zilizokuwa zimeshakabidhiwa, zilikuwa bado zimelala, na kiwanda kilikuwa kimetangaza kusimamisha utengenezaji Januari 2020. Zitakaporudi, kamati inatarajia kuandaa mafunzo ya programu mpya inayolinganisha sensa zote mbili, fedha zikiruhusu. Tutajitahidi pia kupata ukumbi wetu, kama tulivyosema mwaka jana. Pendekezo la kupunguza notisi ya dharura hadi saa 24 limeambatanishwa, nalo linahitaji akidi.

Posho za siku tatu zile kamati iko tayari kuzijadili. Anayedai aje na risiti ya ada.

Mwenyekiti